Uliza, Tukujibu: Muvi Iliyokukera Zamani, Uiangalie Tena Vipi?

Barua za toleo hili zimetoka Kusini, Mtwara na Lindi, na karibu zote zinagusa jambo moja: filamu ya sayansi ya kubuni iliyomkera mtu miaka hiyo, na sasa anataka kuirudia. Salamu tumezifupisha, maswali tumeyaacha. Asiyependa kuambiwa mwisho wa filamu kabla hajaiona aruke jibu la kwanza, maana humo tumeutaja.

Habari za kazi wahariri. Nikiwa kijana niliiona Blade Runner kwenye kibanda cha video, ikiwa na mtafsiri. Niliona nimetapeliwa: giza, mvua mwanzo mwisho, steringi anachezea kichapo kila anapotokea, na adui ndiye anayemwokoa. Binti yangu aliyeko chuo anasema ni filamu kubwa. Niirudie? Na nitajuaje kama nimepata nakala sahihi?
*Msomaji, Shangani, Mtwara*

Irudie, ndugu yetu. Ila kwanza tutenganishe vitu vitatu ulivyouziwa kwa kiingilio kimoja siku ile: filamu, nakala, na mtafsiri.

Tuanze na mtafsiri. Kutafsiri kibandani ni sanaa inayojitegemea, Lufufu aliifikisha mbali, na hatumbezi mtu hapa. Lakini kazi ya mtafsiri ni kusema, na filamu hii inategemea sana kunyamaza. Muziki wa Mgiriki Vangelis umebeba nusu ya hisia zake. Ukiwekewa sauti ya mtu juu yake unabaki kuwa mngurumo tu. Hasara kubwa zaidi iko mwishoni, pale juu ya paa, ambapo yule adui, Rutger Hauer, anasema maneno machache kabla ya kufa. Kwenye mswada hotuba hiyo ilikuwa ndefu. Hauer mwenyewe aliipunguza na kuongeza mstari wake. Anayezungumza juu ya maneno yale amekunyang'anya filamu nzima. Na sauti ya mtafsiri ikishachanganywa kwenye nakala haitoki tena, hakuna kitufe cha rimoti cha kuitenga. Tafuta nakala nyingine.

Nakala nayo ilikuwa na kasoro zake. Filamu ilipigwa kwa picha pana, upana ukiwa karibu mara 2.4 ya kimo. Runinga za chogo zilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, na ili picha ijae kioo, watengenezaji wa kanda walikata pembeni. Kwa upana huo kinachokatwa ni takribani asilimia 44 ya picha. Kama uliiona kwa VCD, ilikuwa na nukta 352 kwa 288 tu, na sehemu za giza hugeuka vipande vya mraba. Zile DVD za filamu ishirini kwa sahani moja nazo hazina nafuu: kila filamu imebanwa mpaka maelezo ya gizani yametupwa. Jiji lile la usiku, lenye moshi na taa za matangazo, ndilo lililogharimu kazi kubwa, na ndilo ambalo hukuliona.

Sasa toleo. Yapo kadhaa, na urefu hautakusaidia kuyatofautisha kwa sababu yote yako kwenye dakika 116 au 117. Tumia masikio, kisha subiri mwisho. Ukimsikia steringi, Harrison Ford, akisimulia mawazo yake juu ya picha, na mwishoni gari likapita kwenye milima ya kijani, hilo ni toleo la majumba ya sinema la 1982. Masimulizi yaliwekwa kwa hofu kwamba watazamaji hawataelewa, na ile milima ni mabaki ya picha za angani zilizopigwa kwa ajili ya The Shining ya Stanley Kubrick. Kama kibandani mlipewa toleo hilo, basi mlikuwa na wasimulizi wawili, mmoja juu ya mwingine. Si ajabu uliondoka na kichwa kinagonga. Kama hakuna masimulizi na filamu inaishia mlango wa lifti unapofungwa, umepata la 1992 au la 2007. Kuyatenga hayo mawili, mtazame njiwa anayeachiwa juu ya paa: akirukia anga lenye mwanga wa mchana, ni la 1992, akipotea kwenye anga la giza, ni la 2007.

Chukua la 2007. Ndilo mwongozaji Ridley Scott alilolisimamia mwenyewe mpaka mwisho, na ndilo lililorekebisha hesabu iliyowasumbua watazamaji makini kwa miaka 25. Katika matoleo ya awali mkuu wa polisi anataja watoro sita, watu wa kutengenezwa maabara, na kusema mmoja ameshakufa, halafu wanaosakwa ni wanne. Wa tano yuko wapi? La 2007 linasema waliokufa ni wawili. Usishtuke DVD yako ikionyesha dakika 112 badala ya 117: DVD za mfumo wa PAL, ambao ndio wetu, huendesha filamu ya picha 24 kwa sekunde kwa kasi ya picha 25. Hujakatiwa kitu.

Limebaki suala la kichapo. Kibandani tulizoea kwamba steringi hafi, na akipigwa ni ili aamke na hasira. Deckard, steringi wa filamu hii, hakuandikwa kwa kanuni hiyo. Ni mtu aliyechoshwa na kazi ya kuwasaka watu waliotengenezwa maabara, ambao wamepewa miaka minne tu ya kuishi. Safari hii ingia na swali hili: katika watu hawa wote, ni nani anayeonyesha huruma, na kwa nani? Ukifika pale adui anapomshika mkono steringi asianguke, utaona kwamba kilichokuudhi zamani ndicho filamu ilichokuwa ikikiandaa tangu mwanzo. Fuatilia pia macho, picha za ukumbusho, na wanyama wa bandia kama yule bundi. Kila kinapotokea kimojawapo, kuna mtu anapimwa utu wake. Na usiingoje ikutabirie mambo. Inasema ni Los Angeles ya Novemba 2019, na mwaka huo umeshapita bila magari ya kuruka.

Kama ni faraja, Wamarekani wenyewe waliipokea vibaya. Ilitoka tarehe 25 Juni 1982, wiki mbili baada ya E.T., watu wakiwa bado na hamu ya mgeni mpole kutoka angani. The Thing ya John Carpenter ilitoka siku hiyohiyo na kuambulia hayohayo.

Shikamooni wahariri. Baada ya msimu wa korosho baba alinunua runinga ya inchi 43. Tukiangalia filamu za zamani, watu wanatembea kama wako kwenye tamthilia, rangi zinaumiza macho, na juu na chini kuna mistari myeusi. Nikikuza picha mistari inaondoka lakini watu wa pembeni wanapotea. Ni mbovu?
*Msomaji, Masasi*

Marahaba, mwanetu. Runinga ni nzima, ila bado iko kwenye mipangilio ya dukani. Kule inashindana na wenzake chini ya taa kali, kwa hiyo hutoka kiwandani ikiwa na rangi za kuvutia wateja.

Fungua mipangilio ya picha. Kama imeandikwa Vivid au Dynamic, hamia Movie, Cinema au Filmmaker Mode, kutegemea yako inaitaje. Picha itaonekana ya manjano na imepoa, na baba atasema umeiharibu. Mwombe siku mbili. Macho yakizoea hatataka kurudi kule.

Hali ya tamthilia inatokana na runinga kubuni picha za katikati. Filamu ina picha 24 kwa sekunde, runinga inajaza nyingine ili mwendo uwe laini, na matokeo yake meli ya angani inaonekana kama kopo lililoning'inizwa kwa uzi. Kwa filamu za zamani zilizotumia meli za mfano, hakuna kitu kinachoziumbua kama hiki. Kwenye Samsung tafuta Auto Motion Plus, kwenye LG TruMotion, kwenye Sony Motionflow, uizime. Kampuni nyingine zina majina yao; neno la kutafuta ni Motion. Zima pia kipengele cha kuokoa umeme, kwa sababu hupunguza mwanga wa kioo, na ndicho kinachofanya watu walalamike kwamba filamu fulani ni giza tupu. Halafu shusha ukali wa picha, ule unaoandikwa Sharpness, mpaka ile mistari myembamba myeupe inayozunguka vichwa vya watu itoweke.

Mistari myeusi iache. Picha pana ikiwekwa kwenye runinga ya 16 kwa 9 hutumia robo tatu hivi ya kimo cha kioo, basi. Ukiikuza unatupa robo ya upana, na huko ndiko walikokuwa wale watu waliopotea. Zaidi ya hapo, mistari hiyo ni kipimo cha bure. Simamisha filamu kwenye tukio la usiku lenye mtu aliyevaa nguo nyeusi, taa za chumbani zikiwa zimezimwa. Pandisha Brightness mpaka mikunjo ya nguo ionekane, kisha angalia mistari: ikianza kuwa ya kijivu umezidisha, rudi nyuma kidogo.

Kuhusu kukaa, kwenye nyumba nyingi runinga iko ukuta huu na makochi ukuta ule, mita nne katikati. Kwa inchi 43 filamu inataka takribani mita 1.8, kwa inchi 32, mita 1.3, kwa inchi 55, mita 2.3. Vuta kiti. Na kama nyuma yenu kuna kabati la vioo au dirisha lisilo na pazia, mtakuwa mkiangalia sebule yenu wenyewe ndani ya kioo kila tukio la giza likifika.

Naomba msaada. Nina sabufa nzuri tu, lakini filamu za anga maneno siyasikii, milipuko inatikisa mabati. Nikiweka maandishi ya chini, yanaanza sawa halafu yanachelewa. Nimekata tamaa na filamu ambayo kila mtu anaisifu.
*Msomaji, Mikindani*

Filamu nyingi hutengenezwa kwa mfumo wa 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, na maneno huwekwa karibu yote kwenye spika ya katikati. Sabufa yako haina spika hiyo. Inayacheza maneno kwa kuyagawa kushoto na kulia, na kama kifaa hakigawi vizuri, muziki unabaki na maneno yanazama. Kwenye runinga au deki nenda kwenye mipangilio ya sauti, chagua Stereo au PCM. Kama filamu ina njia mbili za sauti, chagua ile ya stereo. Picha ikicheza bila sauti kabisa, huenda sauti imeandikwa kwa DTS, na runinga nyingi haziisomi. Iangalie kwa kompyuta yenye programu ya VLC.

Halafu ishughulikie sabufa yenyewe. Shusha besi mpaka sifuri. Weka tukio la watu wawili wakiongea ndani, panua sauti hadi usikie kila neno, ndipo uongeze besi kidogo kidogo. Neno likianza kuvimba, rudi hatua moja na uache hapo. Boksi kubwa litoe kwenye kona, kona huongeza mngurumo. Spika ndogo ziwe kila upande wa runinga, usawa wa masikio ya aliyekaa, zisipandishwe zote mbili juu ya kabati. Kwa huku kwetu kuna jambo jingine lisilotibika kwa kitufe: mvua juu ya bati. Kuanzia Desemba hadi Aprili, filamu yenye mazungumzo mengi iwekee hedifoni au ingoje usiku mkavu.

Maandishi yanayochelewa yana magonjwa mawili, na dawa ya moja haitibu jingine. Kama yamechelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC ya Windows bonyeza G kuyawahisha au H kuyachelewesha. Kila mbonyezo ni milisekunde 50, kwa hiyo sekunde mbili ni mibonyezo 40. Yako yanaanza sawa kisha yanaachana, maana yake yalitengenezwa kwa nakala yenye kasi tofauti na uliyo nayo: moja picha 25 kwa sekunde, nyingine 23.976. Tofauti hiyo inafika dakika mbili na nusu kwa kila saa ya filamu, na ukibonyeza G utakesha. Pakua maandishi ya nakala yenye urefu uleule na yako, au yabadili kasi kwa programu ya Subtitle Edit, ambayo ni ya bure. Faili la maandishi lipe jina lilelile la filamu, likae folda moja nayo. Na kama flashi inakataa faili kubwa, imeumbizwa kwa FAT32, isiyopokea faili linalozidi GB 4; iumbize upya kwa exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo, ukihakikisha kwanza kuwa runinga yako inaisoma.

Hata anayejua Kiingereza vizuri tunamshauri aweke maandishi ya Kiingereza anaporudia filamu za aina hii. Nusu ya majina ya sayari, mashine na koo ni ya kubuni, na sikio halina pa kuyashikiza.

Nimepakua 2001: A Space Odyssey. Kioo ni cheusi, muziki wa ajabu unalia. Faili limeharibika?
*Msomaji, Kilwa Masoko*

Ni zima. Filamu hii ya 1968 huanza na takribani dakika tatu za kioo cheusi chenye muziki, uliokuwa ukipigwa watu wakitafuta viti. Ruka hadi dakika ya nne kuhakikisha: ukiona Mwezi, Dunia na Jua vikijipanga mstari mmoja, rudi mwanzo uendelee. Maneno ya kwanza utayasikia kwenye dakika ya 25 hivi, na kabla ya hapo ni sokwe-watu jangwani, basi. Usiongeze kasi. Mwongozaji wake, Stanley Kubrick, alishapunguza dakika zipatazo 19 baada ya maonyesho ya kwanza, kwa hiyo kilichobaki ndicho alichotaka kibaki. Mapumziko yamo ndani ya filamu yenyewe, mara tu baada ya kompyuta kusoma midomo ya wanaanga. Hapo ndipo pa kuchemsha chai.

Je, toleo refu ndilo bora siku zote? Rafiki yangu anatafuta kila kitu kilichoandikwa toleo la mwongozaji.
*Msomaji, Lindi mjini*

Hapana, na jibu mnalo karibu. Kilima cha Tendaguru kiko kilomita 60 hivi kutoka hapo mjini. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale, ikabebwa vichwani hadi Lindi na kupelekwa Berlin. Mjusi mkubwa kuliko wote aliunganishwa na kusimamishwa makumbusho mwaka 1937, mkia ukiburuta chini na miguu ya mbele imepinda kama ya kenge. Mwaka 2007 wakamsimamisha upya: miguu imenyooka, mkia uko hewani, kimo zaidi ya mita 13. Mifupa haikuongezwa ili awe mrefu. Waliipanga kwa kuelewa zaidi mnyama alivyotembea. Toleo la filamu lipimwe hivyo hivyo: limepangwa na nani, na kwa sababu gani.

Dune ya 1984 ndiyo onyo. Ya majumba ya sinema ni dakika 137, na lipo toleo la runinga la saa tatu hivi. Hilo refu halikupangwa na mwongozaji wake, David Lynch. Alilichukia kiasi cha kuliondolea jina lake, ndiyo maana mwongozaji anaandikwa Alan Smithee, jina la kubuni walilotumia waongozaji wa Marekani waliojitenga na kazi zao. Anayeipa Dune hiyo nafasi ya pili kwa kutafuta ile ndefu anajiongezea adhabu. Arudie ile fupi, lakini kabla ya kuanza asome kurasa mbili tatu kuhusu koo zinazogombana na kile kiungo chenye thamani, kwa sababu filamu inamwaga hayo yote mwanzoni kwa kasi isiyoshikika.

Kinyume chake ni The Abyss ya James Cameron. Ya 1989, yenye dakika 140 hivi, inaisha kama imekatishwa pumzi: viumbe wa baharini wanatokea, kisha mambo yanakuwa mazuri ghafla. Toleo la dakika 171 lina sehemu iliyoondolewa, ambamo mawimbi makubwa kama milima yanasimama pwani za dunia na kungoja. Kwa mtu aliyekulia karibu na bahari, tukio hilo pekee linalipa ile nusu saa ya ziada, na sababu ya viumbe kujitokeza inaeleweka.

Dark City ya 1998 tofauti yake ni ndogo kwa dakika, kubwa kwa utamu. Toleo la sinema linaanza na sauti ya daktari ikikueleza siri yote kabla hujaona kitu, kwa matakwa ya studio. La mwongozaji Alex Proyas la 2008, dakika 111 badala ya 100, limeiondoa. Kama una la sinema tu na unataka kumwonyesha mtu asiyeijua, zima sauti tangu mwanzo mpaka daktari aonekane akiitazama saa yake ya mfukoni. Inafanya kazi.

Mwambie rafiki yako asome jina la mwongozaji na urefu kabla ya kutumia bando. Kwenye Netflix saa moja ya ubora wa HD inaweza kula hadi GB 3, na toleo refu lisilofaa ni hasara mara mbili.

Mimi na mume wangu tunagombania filamu moja. Yeye anasema nina chuki nayo tangu zamani. Mtu anaangaliaje kwa moyo mweupe kitu alichokwisha kukichukia?
*Msomaji, Newala*

Dada, moyo mweupe hauji kwa kuamriwa, ila karatasi inasaidia. Siku moja kabla, usisome chochote kuhusu filamu hiyo. Andika unayoikumbuka, mistari mitano tu, kisha andika kilichokukera. Karibu na kila kero weka mojawapo ya maneno haya: sikuelewa, sikuamini, sikupenda. Hapo utaona chuki yako imeundwa na nini.

Ya kutokuelewa ndiyo rahisi. Mara nyingi ni taarifa moja iliyopita haraka, au jina ulilosikia vibaya. Ya kutokuamini inataka uiulize filamu kanuni zake. Kila filamu ya sayansi ya kubuni inaomba ruhusa ya uongo mmoja au miwili mwanzoni: kwamba watu wanasafiri kupita kasi ya mwanga, kwamba kumbukumbu zinaweza kupandikizwa. Andika uongo huo kwa sentensi moja ukiuona, kwa kawaida ndani ya dakika 20 za kwanza, kisha uilinde filamu isikiuke. Kuilaumu kwa uongo wa kwanza ni sawa na kumlaumu sungura wa hadithi kwa kuongea. Lakini ikivunja kanuni yake yenyewe ili kumwokoa mhusika, hasira yako ni ya haki, na iandike.

Ya kutokupenda ndiyo hubadilika na umri bila kuombwa. Aliyetaka mbio na risasi akiwa na miaka 17 anaweza, akiwa na 40 na watoto, kukaa kimya mbele ya tukio la mzazi anayeaga.

Kuhusu jioni yenyewe: baada ya chakula, simu chumba kingine, na isiwe siku mliyotoka shambani mmechoka. Umeme ukikatika, andika dakika mliyofikia, maana runinga nyingi zinazocheza flashi zinasahau. Na mume wako, tunamheshimu shemeji, lakini asikae akikutazama usoni kila tukio analolipenda likikaribia. Anayesema "subiri, hapa, hapa!" ameua filamu nyingi kuliko wakosoaji. Mwekeni upande ambao hakuoni. Mkimaliza, kila mtu ataje tukio moja lililomgusa na moja lililomchosha kabla hajaanza utetezi.

Kikundi chetu cha vijana kinataka kuonyesha filamu hizi uwanjani. Tuandae nini?
*Msomaji, Mtama*

Kabla ya projekta, kibali. Maonyesho ya hadhara yanasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 kupitia Bodi ya Filamu, na haki ya mwenye kazi ni jambo jingine tena. Anzeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Projekta ya lumeni 3,000 inatosha picha ya upana wa mita mbili hadi mbili na nusu. Shuka jeupe liwe zito, livutwe pande zote nne, na nyuma yake wekeni kitambaa cheusi mwanga usipenye. Projekta, kompyuta na sabufa kwa kawaida havizidi wati 500 pamoja, kwa hiyo jenereta ya kVA 1 inabeba. Iwe mbali, upande unakoelekea upepo. Anzeni saa moja na nusu usiku, si mapema. Jambo ambalo wengi hulisahau: projekta haitengenezi weusi, inaacha tu kumulika, hivyo usiku wa mbalamwezi filamu za giza kama Blade Runner zitaonekana kijivu. Usiku huo wekeni 2001, ambayo vyumba vyake vya angani ni vyeupe.

Nimefuata ushauri kama wenu. Nakala safi, sauti safi, nimetulia. Bado ni mbaya. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Nachingwea*

Hujakosea popote. Filamu nyingine ni mbaya. Kama ulifika dakika ya 35, kanuni zake zimeshavunjwa mara mbili, na hakuna mhusika ambaye ungejali akizama, zima. Ila hifadhi ile karatasi yako.